Kofia Imerudi Mutuini

Wasifu wa mume wangu uliandikwa na ndugu yake mkubwa, ukachapishwa River Road, kwenye ghorofa iliyo juu ya duka lake la misumari na mabati. Karatasi ilikuwa nzuri, inang'aa, na mbele iliwekwa picha ya mume wangu amevaa kofia na medali. Ndani iliandikwa kwamba marehemu alikuwa mtu wa familia na afisa aliyejitolea kwa nchi yake. Wazazi wake wakatajwa, na ndugu zake, na wapwa zake, ilibaki kidogo ng'ombe nao watajwe. Watoto wangu watatu walitajwa. Mimi sikutajwa. Mtu akisoma karatasi ile angedhani watoto aliwaokota kambini.

Basi huu ni wasifu wa pili. Nauandika mimi niliyeachia shule darasa la sita. Kama kuna mahali nimekosea, anayejua zaidi arekebishe, lakini asifute. Walionifanyia ubaya ni wawili na nitawataja walivyo. Wa kwanza ni huyo ndugu yake mkubwa wa River Road. Wa pili ni dada yao mkubwa, ambaye kazi yake ni kulea watoto wa watu huko Parklands. Majina siandiki, kwa sababu watoto wangu wanabeba jina hilo hilo. Wao wenyewe wakisoma watajijua.

Na mtu asinionee huruma kabla hajafika mwisho. Ninapoandika, kofia iko hapa mezani, karibu na mkono wangu.

Nilikutana naye River Road. Wakati huo nilikuwa nafuma sweta za shule kwa mashine hapa nyumbani kwetu Mutuini, na nyuzi nilikuwa nafuata mjini. Siku hiyo mvua ilinikuta barabarani na gunia la nyuzi, nikajibanza mbele ya duka la misumari. Ndani alikuwa kuruti mmoja aliyemaliza mafunzo juzi juzi, kichwa kimenyolewa kinang'aa, amekuja kumsalimia ndugu yake. Akatoka, akavua koti lake, akafunika gunia.

Nikamwambia, "Na mimi je?"

Akasema, "Wewe utakauka. Uzi ukilowa rangi zinaingiliana."

Wasichana wengine wangekasirika. Mimi nilijua hapo hapo kwamba huyu mtu ana akili ya nyumba.

Ndugu yake alikuwa anatazama kutoka nyuma ya kaunta. Alisema kwa Kikamba, akidhani sielewi, kwamba nchi imejaa wasichana waliosoma na wa kabila lao, sasa huyu wa Mutuini na gunia ni wa nini. Kikamba sikuelewa kweli, lakini uso wa mtu akikudharau hauna kabila. Mume wangu ndiye aliyenitafsiria baadaye, akicheka.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu mambo yote yanalizunguka. Kwao Ukambani, mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo waletwe kwao, mmoja achinjwe hapo, na watu wa pande mbili wamle pamoja. Unaweza kukaa na mtu miaka yote, umzalie, umzike. Bila ntheo wewe ni mgeni aliyechelewa kuondoka.

Ntheo yangu ililetwa. Lakini ililetwa haraka haraka, kwa sababu alikuwa amepewa livu, likizo fupi ya jeshini, na baada ya hapo anapelekwa mpakani. Haikuwa Jumamosi, hakukuwa na hema wala mpiga picha, na mvua ilikuwa inanyesha, matope ya Mutuini unayajua. Upande wake walikuja watu wachache: mjomba wake, mwanajeshi mmoja rafiki yake, na dada yake mkubwa. Ndugu yake alikataa kuja. Upande wetu walikuwa baba, mama na majirani. Mbuzi alichinjwa, akaliwa, wazee wakatema baraka, mume wangu akafunga buti akaenda zake.

Halafu miaka ikala mashahidi. Rafiki yake aliuawa huko huko mpakani. Mjomba akafa, baba yangu akafa, majirani wakauza mashamba wakahama, na pale walipokuwa kukajengwa nyumba za kupangisha. Wakabaki watu watatu wanaojua. Mimi, mama yangu, na dada yake.

Mume wangu jeshini alianza chini kabisa na akapanda ngazi moja moja mpaka akafika Meja. Sitaeleza mambo ya kazini kwa sababu hakuwa anayaleta nyumbani. Alikuwa anasema kambi ina geti na nyumba ina geti, na mambo yakianza kuruka geti mtu amekwisha. Mimi namjua Meja wa ndani ya geti langu.

Huyo alikuwa anamenya viazi maganda yakawa membamba hata unaweza kusoma gazeti kupitia ndani yake. Jumapili jioni alipanga viatu vya watoto ukutani, vya shule, na vyangu, na hata vya mama yangu, akavipiga rangi vyote, na mtu akipita anaambiwa asikanyage gwaride. Nepi za watoto alifua mwenyewe akaanika mbele ya nyumba, si nyuma. Wanaume wa hapa walikuwa wanasimama kwenye ua kumtania.

"Afande, leo umepewa adhabu?"

"Hii si adhabu," anawajibu huku anabana nepi. "Adhabu ni kunuka kama nyinyi."

Mwanzo watu walidhani nimempa dawa. Baadaye wake zao wakaanza kuniuliza kwa siri kama jeshi linachukua waume wakubwa, wawapeleke wakafunzwe.

Na alikuwa na jambo lake moja. Akirudi nyumbani, kabla ya kuvua buti, anasimama mlangoni anaita watoto kwa ukubwa wao, na kila mmoja lazima ajibu, "Yuko." Akimaliza watoto anasema, "Mama mwenye nyumba?"

Nami najibu kutoka jikoni, "Yuko."

"Hali?"

"Njaa."

"Amri imesikika," anasema, na anatoa mkate kwenye koti.

Hata akiwa mpakani, akipata simu inayoshika mtandao, alikuwa anaita hivyo hivyo. Sauti inakatika katika, upepo unavuma, na watoto wamepanga foleni kwenye simu wajibu. Kuna wakati aliita, akafika kwangu, simu ikakatika kabla sijajibu. Alipiga tena siku iliyofuata. Hakusema habari za asubuhi. Alisema tu, "Mama mwenye nyumba?" Nikasema, "Yuko." Akashusha pumzi, nikaisikia.

Dada yake alikuwa anakuja kututembelea mara moja moja, Jumapili akipewa ruhusa na matajiri wake. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Chai yangu haikumfaa. Ugali wangu haukumfaa. Mume wangu alikuwa ananiambia, "Mvumilie. Huyo ndiye alitulea, mama alikuwa shambani kutwa. Bila yeye mimi singekuwa mtu." Nikamvumilia kwa ajili yake. Sikujua kilichokuwa kinamla yule dada tangu siku ya ntheo. Angekisema mapema tungeokoa machozi mengi.

Mume wangu hakufa vitani. Moyo wake ulisimama ofisini, asubuhi, chai iko mbele yake. Maafisa wawili walikuja getini nikiwa kwenye mashine, nafuma sweta ya kijani. Niliwaona sura nikajua. Nilimaliza ule mstari kwanza, ndipo nikasimama. Watu walisema nina roho ya jiwe. Hawajui kwamba mstari ukiachwa katikati sweta yote inafumuka, na siku hiyo sikutaka kitu kingine kifumuke.

Tulimzika kwao Ukambani, kama alivyotaka. Jeshi lilimfanyia heshima yake yote. Walikunja bendera iliyofunika jeneza, wakaweka kofia yake juu, na afisa mmoja akapiga goti mbele yangu akaviweka mapajani mwangu. Nilivishika. Watoto wangu waliniona nimevishika.

Maafisa walipoondoka, na watu wakaanza kwenda kwenye chakula, ndugu yake akaja, akasimama mpaka kivuli chake kikanifunika.

"Shemeji, lete hivyo."

"Nilete wapi?"

"Hivyo ni vya ukoo. Wewe ni mama wa watoto, hatukatai. Lakini bibi? Ntheo ililetwa kwenu lini, na nani?"

"Muulize dada yako. Alikuja."

Akageuka. "Dada, eti ulienda kula ntheo Mutuini?"

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa pale karibu, wote wanasikia. Dada yake akatazama viatu vyake. Ni viatu ambavyo mume wangu alimpigia rangi mara nyingi. Akasema, "Nilienda kusalimia tu. Nilikunywa chai nikarudi."

Mama yangu akataka kusema, wakamwambia yeye ni wa upande wangu. Ndugu yake akainama akachukua kofia na bendera mapajani mwangu, polepole, kama mtu anayetoa sahani mezani. Binti yangu mkubwa alilia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilirudi Mutuini na mikono mitupu na ile karatasi ya wasifu inayong'aa.

Kofia aliiweka dukani. Nilikuwa naiona nikienda kufuata nyuzi, imetundikwa ukutani nyuma ya kaunta, juu ya makopo ya rangi. Wateja walikuwa wanamwuliza, naye anasema, "Ya ndugu yangu, Meja," na kifua kinapanda. Vumbi la simiti lilikuwa limeikalia. Mume wangu alikuwa hawezi kuvaa kofia yenye unyuzi mmoja. Alikuwa anaipitisha kwenye mvuke wa birika, anaipiga brashi, anaipuliza. Nilikuwa nasimama ng'ambo ya barabara, watu wa mikokoteni wananisukuma, naitazama ile kofia inavyogeuka kijivu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na walionipa nimeshawataja.

Binti yangu mkubwa anafanya kazi hospitalini, huko Parklands. Akapata kijana, mtoto wa watu, naye ni wa Ukambani. Watu wa kijana wakatuma neno kwamba wanataka kuleta mbuzi wa ntheo, na wanauliza wanaleta wapi.

Hilo neno likafika River Road kabla halijafika kwangu. Ndugu yake akajibu kwa niaba ya ukoo. Mbuzi waletwe kwake, kwa boma lake la Ukambani, kwa sababu baba wa msichana ni yeye sasa. Mama hawezi kupokea mbuzi wa binti wakati yeye mwenyewe hajawahi kuletewa. Na kusema kweli, hiyo ndiyo mila, hakuitunga. Mila alikuwa nayo. Ukweli ndio hakuwa nao. Akaongeza kwamba mimi nikitaka nitakaribishwa kusaidia jikoni.

Binti yangu alinipigia simu. "Mama, mimi siolewi kwa boma ambalo wewe unaosha sufuria."

"Olewa, mama. Mimi nimezoea sufuria."

"Mimi sijazoea wewe kuzizoea," akasema, na akakata simu. Ana kichwa cha baba yake.

Kwa hiyo nilituma neno kwa mzee wa ukoo wao, baba mdogo wa mume wangu. Huyu mzee aliendesha malori maisha yake yote. Sikio moja halisikii vizuri kwa sababu ya injini, na maneno marefu hayapendi. Nikamwomba aje Mutuini atusikize wote kabla mbuzi hawajatoka popote. Akakubali. Akauliza kitu kimoja tu, kama kutakuwa na nyama.

Walikuja Jumamosi mchana. Mzee, yule ndugu wa mume wangu wa River Road na tai shingoni, na dada yao na mkoba wake. Nilichinja mbuzi. Mama yangu, ambaye macho yake siku hizi yanaona nusu, alikataa mtu mwingine apakue. Alisema wageni wa boma lake anapakulia yeye.

Ndugu yake alianza kabla sahani hazijafika. "Mzee, mimi nitasema ukweli bila kuficha. Marehemu alikuwa mtu mzuri, mtu wa familia, lakini mambo ya mila aliyaacha nyuma—"

"Fupisha. Nyama inakuja," mzee akasema.

"Kwa ufupi, hakuna aliyeona ntheo. Aliyefika huku ni dada, na dada alikunywa chai."

Mzee akamgeukia dada. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo," dada akasema. Hakuinua macho.

"Na wewe mama?" mzee akaniuliza.

Nikasema, "Ililetwa. Lakini mashahidi wangu wamelala kaburini, na mmoja amekaa hapo."

"Kaburi halitoi ushahidi," ndugu yake akasema, akatabasamu. Nilimwona, moyoni nikamwekea alama.

Hapo mama yangu akaingia na sahani, anapapasa njia. Ya kwanza akampa mzee, ya pili ndugu yake, ya tatu dada yake. Wakaanza kula. Mzee alikuwa anakula kama mtu anayepanda mlima na gia ya kwanza, polepole bila kusimama.

Dada akawa hagusi chakula. Anaitazama sahani.

"Hii ni nini?" akasema.

Mama yangu akasema, "Ni nyama."

"Ni shingo."

"Shingo si nyama?"

"Hata leo?" Akaisukuma sahani kidogo. "Mara mbili, kwa boma hili hili. Siku ile ya ntheo wageni wote wanakula mbavu, na mimi, dada mkubwa wa bwana harusi, nimetoka mbali na matope hadi magotini, nikapewa shingo ninyonye kama paka. Nikanyamaza. Na leo tena ni shingo. Nyinyi watu mna nini na mimi?"

Mzee aliacha kutafuna. Akageuza lile sikio lake zuri.

"Siku gani hiyo?"

"Siku ya ntheo ya—" dada akasema, na akafunga mdomo. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka nje, yamesimama katikati ya sebule kama mbuzi mwenyewe.

Ndugu yake akaruka. "Mzee, amechoka, amechanganya na mahali pengine, huyu anaalikwa sherehe nyingi—"

"Wewe hukuwako," mzee akasema. "Kula." Kisha akamgeukia dada, taratibu kabisa. "Mwanangu. Si ulikunywa chai?"

Dada akaugeuza mfupa kwenye sahani.

"Nauliza kwa sababu nimekunywa chai barabara zote za nchi hii. Tangu lini chai ikawa na shingo?"

Mama yangu akacheka. Akajifunika na kanga lakini mabega yalimsaliti. Mimi sikucheka. Nilikuwa nashika kiti.

Halafu dada yake akaanza kulia, na hicho ndicho kitu ambacho sikutegemea. "Alikuwa mbuzi mweusi," akasema, "ana doa jeupe mguuni. Na si hawa walionipa shingo. Ni yeye. Ndugu yangu. Bwana harusi mwenyewe ndiye alishika kisu. Mzee, wewe unajua nani alilea hawa watoto. Krismasi tukipata nyama, nilikuwa nachukua shingo, nasema mimi napenda shingo, ili hawa wadogo wale mbavu. Miaka yote. Halafu siku yake kubwa, kisu kiko mkononi mwake, mbavu ziko mbele yake, ananitazama anacheka. 'Dada, yako nimeiweka kando. Nimekuwekea shingo.' Nikajua nyumba hii mpya imeshanifuta."

Niliposikia hivyo nilikumbuka. Nilikumbuka jioni ile, kabla hajafunga buti, aliniambia, "Umeona dada alivyofurahi? Hakuna mtu anajua anachopenda isipokuwa mimi. Tangu tukiwa wadogo, ukimpa mbavu anakataa." Alikuwa na fahari usoni, kama amemvisha mtu medali. Meja wangu, mtu aliyejua kila kiatu cha nyumba hii kinabana wapi, alikosea hapo. Alimwamini dada yake neno lake, basi.

Nikawaambia. Nikarudia maneno yake kama alivyoyasema.

Dada yake akanitazama kwa mara ya kwanza, nadhani tangu tujuane. "Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Alidhani anakuheshimu."

Akaweka uso kwenye mikono. Nilimwonea huruma, kusema haki. Nikafikiria yule msichana mdogo anayenyonya shingo Krismasi na kudanganya kwamba ni tamu. Huruma ilikaa kidogo. Kisha nikakumbuka kofia na vumbi la simiti, ikaondoka.

Mzee akajifuta mikono. "Mambo yamekwisha," akasema. "Mbuzi mweusi, doa mguuni, ameliwa hapa na mtu wetu akala shingo. Ntheo hailiwi mara mbili. Huyu mama ni bibi wa mtoto wetu tangu siku hiyo, na mbuzi wa binti wataletwa hapa, wapokelewe na yeye. Na wewe," akamwelekezea wa River Road mfupa, "nilipita dukani kwako kununua bawaba. Nikaona kitu ukutani. Hicho kitu kina mwenyewe."

"Mzee, ile ni kumbukumbu ya ukoo."

"Ukoo ni mimi, na mimi nakumbuka bila kofia. Rudisha."

Ndugu yake alitazama dada yake, akitafuta msaada. Dada alikuwa ameanza kula. Alikuwa anakula ile shingo, machozi yanashuka, na hakumtazama.

Baadaye nilimuuliza mama yangu kama shingo alimpa kusudi. Akasema yeye ni kipofu, anapakua kinachoguswa na mkono. Nikamwambia, "Mama, jana ulitunga uzi kwenye sindano." Akasema uzi ni uzi na nyama ni nyama, na akaniomba nimtolee sufuria juani.

Siku ya ntheo ya binti yangu mvua haikunyesha. Tuliweka hema, viti vilijaa mpaka barabarani, na waendesha boda boda wa stejini walikuja wote kwa sababu Meja alikuwa anawajua na kuwagombeza kuhusu kofia zao. Ndugu yake alifika mapema. Tai siku hiyo hakuivaa kabisa. Alinipa kifurushi kimefungwa na karatasi ya mfuko wa simiti na akasema, "Shemeji."

Nikangoja.

"Ni hiyo," akasema.

"Na bendera?"

"Iko ndani."

Samahani hakusema, na mimi sikumwomba. Nilimwonyesha kiti cha kukaa, cha nyuma kidogo, karibu na jikoni. Nikaingia ndani, nikawasha jiko, nikaweka birika. Niliipitisha ile kofia kwenye mvuke, nikaipiga brashi, nikaipuliza, mpaka rangi yake ikarudi. Nikatoka nayo mbele ya watu wote nikaiweka kwenye kiti cha baba wa msichana, juu ya bendera, na mimi nikakaa kiti cha pili.

Watu wa kijana wakaingia na mbuzi wao, wanaimba. Msemaji wao akasimama akatusalimia, akasema wao ni wasafiri, wanatafuta boma fulani, na kabla hawajafunga mbuzi wangependa kujua kama mama mwenye nyumba yuko.

Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Ndivyo watu wanavyouliza. Lakini watoto wangu watatu waligeuka wakanitazama kwa pamoja, na mdogo wao, ambaye sasa ni mwanaume ana ndevu, akanyoosha mgongo kama yuko kwenye foleni ya simu.

Nilisimama. Nilisema, "Yuko." Sauti ilitoka kubwa hata mimi nikashtuka. Wanawake wakapiga vigelegele, na mbuzi mmoja akaogopa akakata kamba, vijana wa boda boda wakamfukuza hadi kwa jirani. Meja angewaadhibu kwa jinsi walivyomzunguka vibaya.

Nyama ilipoiva nilichukua kisu mwenyewe. Mila inasema nani akate, lakini siku hiyo hakuna aliyethubutu kuniambia. Nilikata mbavu, zile nene, zenye mafuta, nikajaza sahani mpaka ikalemea, nikaipeleka mwenyewe kwa dada yake mkubwa. Sikumpa kwa sababu nimemsamehe. Nilimpa kwa niaba ya aliyekosea, ambaye angetaka kurekebisha na hakupata nafasi.

Aliitazama ile sahani muda. Akachukua ubavu mmoja, akauma, akatafuna, sote tunamtazama.

"Ngumu kidogo," akasema.

Na akamaliza sahani yote.